Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: kagueni yai, si marumaru

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Nakala: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Afisa Mifugo wa Wilaya, Afisa Afya wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, na wananchi wote wanaokula mayai yetu.

YAH: MASHARTI YA UUZAJI WA MAYAI KWA WAFUGAJI WADOGO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mfugaji wa kuku wa mayai hapa mkoani Pwani. Nina kuku 180 katika banda moja nyuma ya nyumba, na ni katibu wa kikundi cha wafugaji 31 wa kata yetu, wengi wao wanawake. Barua hii haikupaswa kusomwa na mtu mwingine zaidi yako. Ya kwanza niliileta masjala kwa mkono wangu mwezi Machi, ikagongwa muhuri, na nakala yake ninayo. Ya pili tuliileta Mei. Mara ya tatu hatukuleta barua, tulikuja wenyewe watu wanne, tukaambiwa mhusika yuko kikaoni. Tulikaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri, ndipo mlinzi akatuambia kwa upole kwamba mhusika ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Simu zetu hujibiwa kwa neno moja: "linashughulikiwa". Ndiyo maana leo tunazungumza mbele ya watu.

Naomba nieleze kwanza kilichotokea gulioni, kwa sababu yote mengine yanatokana na siku hiyo.

Ilikuwa Jumamosi. Nilifika na trei 12 zimefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Kabla sijazishusha zote, maofisa watatu wakanijia. Waliomba leseni ya biashara, cheti cha upimaji afya, kibali cha kusafirisha mazao ya mifugo, na hati ya ukaguzi wa chumba cha kuhifadhia mayai. Cheti cha afya nilikuwa nacho. Vingine sikuwa navyo, na sikukataa kosa. Trei zangu zikapandishwa nyuma ya pikapu iliyo wazi, zikapangwa juu ya za wenzangu, jua la saa sita likizipiga. Trei ya chini ilielemewa. Niliona ute ukichuruzika kwenye bodi ya gari, kisha kiini, kisha nzi. Gari lilikaa pale pale mpaka alasiri. Jumatatu nilipofuata mali yangu nikaambiwa imeteketezwa kwa usalama wa mlaji. Sikupewa hati ya ukamataji, wala karatasi yoyote.

Mayai 360 yalichukuliwa kwa jina la usalama wa mlaji, Ndugu Mkurugenzi, na hakuna ofisa aliyevunja hata moja akaliangalia. Hakuna aliyeuliza yametagwa lini. Hakuna aliyeniuliza kuku wangu wamemeza nini wiki ile.

Nalisema hili nikijua uzito wake, maana nina la kuungama. Miaka michache iliyopita kuku wangu walishikwa na mafua, nyuso zikavimba, utagaji ukashuka. Nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa pakiti ya OTC (dawa ya antibiotiki), nikaichanganya kwenye maji kwa siku tano. Siku zote tano niliendelea kuuza mayai. Nilimuuzia mama wa chipsi pale kituoni, ambaye mwanangu hula kwake akitoka shule. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa ile huingia kwenye yai na kwamba kuna siku za kusubiri kabla mtu hajalila. Kwenye pakiti ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo za Kiingereza. Nilikuja kulijua kwenye mafunzo ya siku moja, miezi mingi baadaye, na usiku ule sikulala. Kwa hiyo mtu asije akasema wafugaji wadogo tunataka tuachwe tufanye tutakavyo. Tunataka kudhibitiwa. Tunachokataa ni udhibiti unaopita pembeni ya hatari na kwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa mfugaji.

Malalamiko yetu kuhusu masharti ya uuzaji wa mayai mliyoyatoa kwenye tangazo lenu ni haya.

1. Masharti ni yale yale kwa mwenye kuku 40 na mwenye kuku 40,000.

Nikupe hesabu ya banda langu. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 180 wanakula kilo 21 na ushei. Mfuko wa kilo 50 hauimalizi siku ya tatu. Wakitaga vizuri naokota mayai kama 145, yaani trei tano kasoro. Trei nikiiuza 8,000 napata 38,000 na kidogo, na kati ya hizo chakula peke yake kimekula 28,000. Inabaki kama 10,000, na hapo sijatoa maji, maranda ya kutandika bandani, chanjo, wala nauli ya bodaboda. Kuna miezi kuku wananyonyoka manyoya na kutaga kwa mafungu, na chakula hakipungui. Nilipojumlisha ada, vyeti na vibali vyote vilivyoorodheshwa kwenye tangazo lenu, bila kuhesabu ujenzi, vilikula faida ya siku zaidi ya arobaini. Mwenye kuku 40,000 anavilipa vyote kwa mauzo ya asubuhi moja.

Nchi zenye sheria kali za chakula kuliko zetu zimelitazama hili. Marekani ilipotunga kanuni ya usalama wa mayai mwaka 2009 ili kupambana na salmonela, vimelea vinavyoharisha walaji, iliwaacha nje wafugaji wenye kuku wasiofika 3,000. Umoja wa Ulaya unaruhusu mfugaji mwenye kuku wasiozidi 50 asamehewe kugonga mhuri kwenye kila yai anapouza soko la kwao, mradi jina na anwani yake vionekane pale anapouzia. Nitakuwa muungwana niseme na upande wa pili: England na Wales, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hata mwenye kuku mmoja lazima ajiandikishe. Lakini kujiandikisha huko ni bure, na lengo ni Serikali ijue kuku wako wapi ugonjwa ukizuka. Hilo tunalitaka hata sisi. Na hapa kwetu si jambo geni kumpima mtu kwa ukubwa wake: mwishoni mwa 2018 machinga na wajasiriamali ambao mauzo yao hayafiki milioni nne kwa mwaka walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000 ili wasisumbuliwe na ushuru wa kila siku.

2. Masharti yanakagua jengo, hayakagui yai.

Tangazo linataka chumba cha kuhifadhia mayai chenye marumaru sakafuni na ukutani hadi kimo cha mita moja na nusu, dari, sinki na jokofu. Nimelisoma zaidi ya mara kumi. Halina neno hata moja kuhusu dawa. Halisemi yai likae siku ngapi kabla ya kuuzwa. Halisemi lolote kuhusu yai lenye ufa.

Kuku mwenye vimelea vya salmonela anaweza kutaga yai lenye ganda safi kabisa, na vimelea vimo ndani tayari. Marumaru hayawezi kufanya lolote hapo. Vimelea vinazaliana yai likikaa kwenye joto, na vinakufa yai likiiva sawasawa. Kwa hiyo kinachomlinda mlaji ni kuku mzima, yai la juzi na si la mwezi uliopita, kivuli, na jiko. Mimi naweka trei zangu kwenye chumba cha udongo chenye paa la makuti, kina ubaridi hata saa nane mchana. Jirani yangu alikopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, akajenga chumba cha bati na marumaru kama mlivyotaka. Ingia humo mchana uone kama utamaliza dakika kumi. Mayai yake yanaharibika upesi kuliko yangu, lakini yeye ndiye mwenye hati ya ukaguzi.

3. Agizo la kuosha mayai linaongeza hatari.

Sharti la saba linasema mayai "yaoshwe na kuwa safi kabla ya kufikishwa sokoni". Yai linapotoka kwa kuku lina utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda. Ukiliosha, hasa kwa maji ya baridi, utando unatoka na uchafu unavutwa ndani. Ulaya mayai ya daraja la kwanza hayaruhusiwi kuoshwa. Marekani wanayaosha, lakini kwa mitambo na maji ya moto, kisha yanaingia kwenye ubaridi na hayatoki humo hadi yafike kwa mlaji. Ninyi mnatuagiza tuoshe kwenye beseni, halafu tukauze kwenye gulio lisilo na hata mwavuli. Yai lililochafuka sana lisiuzwe, hilo sawa. Lenye doa dogo lifutwe kwa kitambaa kikavu. Usafi wa yai unaanzia kwenye kiota: maranda yakibadilishwa kila wiki, mayai yanatoka safi.

4. Trei za karatasi zinazunguka bila mtu kuziuliza.

Nashangaa kwamba jambo hili halimo kwenye tangazo, maana kila mfugaji analijua. Mchuuzi anakuja na trei tupu alizokusanya sokoni, anakuachia, anachukua zako zenye mayai. Trei hiyo jana ilikuwa kwenye banda la mtu mwingine. Mwaka juzi nilipokea fungu la trei zenye kinyesi kilichokaukia kwenye vishimo na nyoya moja la kuku mweupe, na mimi sina kuku mweupe. Trei ya karatasi haioshwi. Ya plastiki inaoshwa na kunyunyiziwa dawa ya kuua vijidudu. Mngepiga marufuku trei za karatasi kurudi shambani, mngekuwa mmezuia magonjwa mengi kuliko marumaru yote ya wilaya hii.

5. Kibali cha kila safari.

Kibali kinatolewa ofisi moja, siku za kazi, na magulio yetu makubwa ni Jumamosi na Jumapili. Ofisa akiwa semina, mayai yanamsubiri. Mwaka 2017 Serikali iliondoa ushuru kwa mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, kwa sababu iliona mnyonge anasimamishwa kila kizuizi. Trei zangu 12 hazifiki hata kilo 25.

6. Hatujaonyeshwa sheria.

Tangazo limebandikwa kwenye mbao za ofisi za kata, lina muhuri, halina namba ya sheria ndogo. Tumeuliza mara tatu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inataka wananchi waarifiwe kusudio la kutunga sheria ndogo na wapewe nafasi ya kutoa pingamizi, kisha Waziri aidhinishe. Katika kata yetu hakuna mkutano ulioitishwa. Kama sheria ndogo ipo, ibandikwe tuisome. Kama haipo, mali zetu zimekamatwa kwa tangazo tu.

Najua majibu tunayoweza kupewa, na baadhi tumeshayasikia mlangoni.

Mtasema sheria haimbagui mtu. Sawa, lakini hata leseni ya udereva wa lori si ya pikipiki, na hakuna anayeita huo ubaguzi.

Mtasema wafugaji wadogo ndio wanaosambaza kideri. Kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, huenezwa zaidi na kuku wagonjwa, nguo, viatu na trei hizo nilizozitaja. Kinga yake ipo na inatengenezwa papa hapa mkoani, Kibaha: chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kikundi chetu kinachanja siku moja wote, nyumba kwa nyumba, na orodha tunayo. Mwulizeni ofisa mifugo wa kata. Yeye ndiye amekuwa akisimama nasi, kwa pikipiki yake isiyo na mafuta, na namshukuru.

Mtasema mambo ya usalama wa chakula ni ya TBS (Shirika la Viwango) tangu mwaka 2019 yalipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Ni kweli, na hapo ndipo tunapoumia. Maziwa yalipewa bodi yake kwa sheria ya 2004, nyama ikapewa bodi yake kwa sheria ya 2006. Yai halikupewa bodi. Kwa hiyo afya wanalidai, biashara wanalidai, mifugo wanalidai, na kila mmoja ana risiti yake. Akitokea mtu amedhurika kwa mayai, sijui nani kati yao atasema "hili ni langu".

Na mtasema hamna watumishi wa kumfikia kila mfugaji. Hilo nalikubali kabisa. Lakini watumishi watatu walipatikana wa kusimama gulioni Jumamosi nzima. Hao hao, kwa siku ile ile, wangeweza kutembelea mabanda sita.

Sasa tunachoomba.

(a) Sitisheni ukamataji wa mayai ya wafugaji wenye kuku wasiofika 500 hadi sheria ndogo itungwe kwa kufuata taratibu zake, nasi tukishirikishwa. Namba ya 500 ni pendekezo letu. Mkiwa na nyingine, tuonyesheni hesabu yake, tutaizungumza.

(b) Tuandikisheni wote, bure, kwa kata. Jina, mtaa, idadi ya kuku, tarehe ya chanjo.

(c) Kila mfugaji awe na daftari la dawa. Dawa gani, imetolewa tarehe ngapi, imeisha lini, mayai yameanza kuuzwa lini. Ofisa akifika bandani au gulioni aombe daftari hilo kabla ya kitu kingine chochote. Asiyekuwa nalo asiuze, na hapo sitamtetea hata mwanachama wangu. Na maduka ya pembejeo yalazimishwe kumwandikia mnunuzi kwa Kiswahili, kwenye pakiti, siku za kusubiri. Mfugaji anayemwaga trei tano kila siku kwa wiki nzima ili asimdhuru mtu anapata hasara ya kweli, na wengi wanashindwa. Tujadiliane mfuko mdogo wa kikundi wa kumfidia, sisi tuko tayari kuuchangia kwanza.

(d) Ondoeni sharti la marumaru, sinki na jokofu kwa wafugaji wadogo. Wekeni badala yake chumba chenye kivuli na hewa, yai lisizidi siku 14 tangu kutagwa, lenye ufa lisiuzwe, na trei za karatasi zisirudi shambani. Sharti la kuosha lifutwe leo, maana hilo halihitaji kikao.

(e) Kibali cha safari kiwe cha mwaka kwa anayeuza ndani ya mkoa na Dar es Salaam, na kitolewe kwenye kata.

(f) Waliochukuliwa mayai siku ile bila hati wapewe maelezo kwa maandishi. Tulikuwa tisa. Mmoja wetu ni bibi wa miaka 70, alikuja na mayai ya kienyeji 22 kwenye kikapu chenye pumba, yake na ya majirani zake wawili. Hakurudi tena gulioni. Naomba yeye ajibiwe wa kwanza.

Madaftari ya dawa tumeshaanza wenyewe, bila kusubiri. Ni madaftari ya shule ya kurasa 48, tumeyachora mistari kwa rula. Wanachama 26 kati ya 31 wanayajaza, watano bado nawafuatilia. Wiki iliyopita mwanachama mmoja alimwaga mayai ya siku saba mbele yetu, akayafukia shimoni huku analia, kwa sababu daftari lake lilimwonyesha siku hazijatimia. Hakuna ofisa aliyemwamuru.

Tunaomba kukutana nawe ndani ya siku 21 tangu leo, hapo ofisini kwako au hapa kwetu chini ya mwembe wa ofisi ya kata, pamoja na Afisa Mifugo na Afisa Afya kwa wakati mmoja ili tusitupiwe kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Tutakuja na madaftari yote, pamoja na nakala za zile barua mbili zenye muhuri wa masjala yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu, kwa niaba ya wafugaji wadogo wa kuku wa mayai wa kata yetu